Nilivyofunga maji kwenye kompyuta ya dada yangu bila kuruhusiwa kuona screen

Wakuu, salamu kwenu nyote. Kisa hiki ni changu mwenyewe, sikusimuliwa na mtu. Asiyeamini ruhusa kucheka, lakini wallahi ndivyo ilivyokuwa.

Mie niko Sur, Oman. Wazee wetu walitoka Unguja, na Kiswahili changu ni cha jikoni kwa mama. Nikikosea ngeli mnisamehe.

Ilikuwa ile miaka Pentium 4 ndiyo mashine ya kuringia. Kompyuta yenyewe si yangu, ni ya dada yangu Zuwena. Kazi yake kupiga video za harusi, upande wa wanawake tu, kisha anazikata na kuziunga nyumbani.

Walio mbali niwafahamishe. Upande wa wanawake watu wamejipamba, vichwa wazi, wanacheza. Mwanamume haoni. Kaka wa mpiga video haoni, na fundi wa kompyuta ndiyo kabisa.

Juni hiyo mashine ikaanza kuzimika. Zuwena akianza ku-render, yaani kuziunga picha ziwe filamu moja, inafika nusu, pap! Giza. Kupata joto tu.

Na filamu ilikuwa ya harusi ya binti wa Bi Salma, jirani yetu. Binti anahama na mumewe kwenda Malaysia, na mama mtu anataka waitazame pamoja kabla hajaondoka. Kanda zenyewe Zuwena alisharikodi harusi nyengine juu yake, kwa hiyo picha zote zimo ndani ya mashine tu. Zikipotea jina lake limeharibika. Zikitoka nje kwa fundi, jina lake limekufa kabisa.

"Si unajidai bingwa wewe?" akaniambia. "Itengeneze. Lakini screen huitazami."

Nikaingia forum za Kiingereza. Huko nikakuta watu wanapoza kompyuta kwa maji, kama injini ya gari. Nikasema hii ndiyo dawa.

Kumbe ndiyo kwanza nimejitia msituni!

Huyu anasema waterblock, kile kibati kinachokaa juu ya processor, kiwe cha shaba tupu, ukichanganya na alumini maji yanaila. Mwengine anasema yeye kachanganya na mambo safi. Mpira wa maji uwe wa nusu inchi. Hapana, mwembamba. Pampu ikae kabla ya rejeta. Hapana, baada. Na kila mmoja kaapa. Nilisoma mpaka nikawa najua kidogo kuliko nilivyoanza.

Kitu kimoja tu walikubaliana. Rejeta nzuri ni ile ndogo ya hita ya gari, inayowapasha watu joto wakati wa baridi.

Jamani, Oman nani anawasha hita ya gari? Ina maana kila gari bovu nchi hii lina hita haijatumika!

Nikaenda mpaka Ibra, sanaiya, yaani mtaa wa magereji, kwenye magari mabovu. Muuzaji, mzee mmoja wa Kiarabu, akaniuliza, "Hita? Juni hii? Una homa, yakhi?" Akawaita wenzake waje wanione. Akaniletea mbili, moja alumini na moja shaba, nami nikasimama pale nazigeuzageuza kama nanunua tikiti maji. Nikachukua ya shaba.

Waterblock nikaipata kwa rafiki yangu wa Nizwa. Alikuwa nayo kabatini, aliinunua kisha akaogopa kuifunga. Hilo peke yake lingenitosha kuwa onyo, lakini wapi. Pampu nikanunua ya samaki wa mapambo.

Kompyuta ilikuwa stoo, maana ndicho chumba pekee chenye ufunguo. Hakuna dirisha, hakuna AC. Nikiingia kufunga vitu, Zuwena anaigeuza screen ukutani, mlango wazi, naye kasimama mgongoni kwangu kama askari.

Nikachota maji bombani. Mama akapita, akatia kidole kwenye ndoo.

"Mwanangu, maji ya kunyonyolea kuku ndiyo unapozea mashine?"

Kweli, Juni maji ya tangi la juu ya nyumba yanatoka ya moto. Sie majira hayo tunazima hita ya bafuni na kuoga yaliyomo ndani yake, hayo ndiyo ya baridi. Basi nikachota huko. Mpaka leo sijui kama ilisaidia chochote.

Sasa sikilizeni maajabu.

Nikiwemo ndani, Zuwena anaipa mashine kazi nzito ya kujaribia, inakwenda saa nzima, baridi. Natoka, Zuwena anajifungia, anaanza ku-render. Mie niko ukumbini.

"Vipi?"

"Inapanda!"

"Imefika ngapi?"

"Imezimika!"

Naingia, nagusa huku na huku, inawaka bila tatizo. Natoka, inazimika. Nikabadilisha mipira, nikahamisha pampu mbele, nikairudisha nyuma. Nilianza kuamini ina jini linalonionea haya.

Mwisho nikatia barafu kwenye ndoo ambayo pampu inavuta maji.

Wakuu, Sur ni pwani. Bilauri ya maji baridi hapa inatoka jasho kabla hujainywa. Mipira nayo ikatoka jasho, matone yakadondokea ndani, na nikasikia harufu ya kuungua.

Zuwena hakunigombeza. Alikaa sakafuni akalia, na roho iliniuma mno.

Nikamwambia, "Tuchomoe hard disk, niipeleke Muscat. Nitakaa pembeni ya fundi, simwachi hata kidogo."

"Picha si zangu," akasema. "Mwenyewe ndiye wa kuamua."

Akavaa abaya akatoka. Akarudi na Bi Salma.

"Shikamoo, Bi Salma," nikamwamkia.

"Marahaba." Akaitazama ile mashine inadondoka maji. "Hii ndiyo harusi ya mwanangu?"

Zuwena akamweleza yote, hakuficha hata barafu. Akamwambia na habari ya Muscat. Macho ya Bi Salma yakajaa machozi.

"Watoto wa watu walivua abaya mbele yako wewe, Zuwena," akasema. "Hawakuvua mbele ya fundi. Ikiwa imepotea, khalas, mie niliiona kwa macho yangu. Isitoke."

Akaenda zake. Sie tukaiacha mashine ikauke chini ya feni, siku kadhaa, hakuna aliyethubutu kuigusa. Tulipoiwasha, alhamdulillah, ikawaka.

Safari hii nikamwomba Zuwena, screen ikiwa ukutani, anifungie humo stoo na mashine inafanya kazi. Haukupita muda nikawa nimerowa jasho.

Kumbe nikiwemo mlango huwa wazi, na ubaridi wa AC ya ukumbini unaingia! Akijifungia, rejeta inapoza maji kwa hewa ileile iliyochomwa na kompyuta. Na mlango hauwezi kuachwa wazi, maana ukumbini wanapita ndugu na wageni wanaume.

Tukatoboa ukuta, mipira miwili ikapita, rejeta ikakaa ukumbini chini ya AC. Zuwena akafunga mlango. Mie nikakaa karibu na rejeta, nimeishika kwa mikono miwili, hata sijui kwa nini. Filamu ikaisha.

Bi Salma na bintiye wakaitazama kwetu pamoja na wanawake wa mtaa. Sie wanaume tulikuwa nje, tunasikia vigelegele tu.

Funzo langu: usianze na vifaa, anza na chumba. Maji hayaliui joto, yanalihamisha tu, sasa wewe ujue unalihamishia wapi. Ila habari ya pampu kabla au baada ya rejeta bado sijaelewa, wajuzi karibuni mnifahamishe, na wa kunicheka karibuni pia.

La mwisho. Mwaka ule Zuwena alipata harusi mpaka nyengine akazikataa. Mie nikajua ni sifa za maji yangu. Siku moja akaja mama mmoja kutoka Jalan, nikamuuliza kwa nini kafunga safari yote hiyo na kwao wapiga video wapo.

"Tumesikia ya Bi Salma iliharibika," akasema, "na dada yako akakubali ipotee kuliko itoke nje."

Akaingia ndani kwa Zuwena, na mlango ukafungwa.