Siku Nilipoita Watu wa Jembe kwa Malipo ya Sifuri

Naomba mnicheke kidogo kidogo, msinimalize mara moja, maana jambo hili nimelificha hata nyumbani kwetu Kibondo, ambako mama yangu mpaka leo anaamini kwamba kazi yangu ya kwanza baada ya chuo niliifanya kwa utulivu na heshima.

Ilikuwa mwaka 2013, mjini Kasulu, kwenye kampuni ndogo iliyopanga vyumba viwili juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Tulikuwa na mfumo wa kuwaunganisha wenye mashamba na vibarua: mwenye shamba anasema anataka watu lini, wapi na kwa malipo gani, kisha mfumo unawatumia meseji wote waliojiandikisha katika kata hiyo. Kazi yangu ilikuwa kuujaribu ili makosa yake tuyaone sisi kabla ya wateja. Mimi nikifunga mlango hurudi mara tatu kuuangalia, kwa hiyo niliona nimepata watu wa kunilipa kwa ajili ya ugonjwa wangu.

Bosi wetu, Dada Rehema, alikuwa na sharti moja tu: majaribio yote yaende kwenye simu tano za ofisini. Siku hiyo nilitakiwa kupima kitufe cha kufuta, yaani tangazo lililopangwa kutoka jioni likifutwa mchana, lisitoke. Nikaanza kuwaza (hapo ndipo ninapoharibikiwa siku zote) kwamba simu tano si kipimo, labda kitufe kinaweza watu watano kikashindwa mia, na nikitumia orodha halisi ya kata ya Rungwe Mpya halafu nikafuta mapema, nani atajua? Nikajaza: shamba la Mama Anastazia (jina nililolibuni pale pale), kesho saa moja asubuhi, mje na majembe. Kwenye malipo nikaweka sifuri, kwa sababu mpimaji mzuri huupa mfumo namba za ajabu aone utafanyaje. Saa tisa nikafuta. Kompyuta ikaandika kwamba tangazo limefutwa, nikasoma maneno hayo mara tatu, nikaenda zangu kula.

Asubuhi yake Dada Rehema akanipigia simu akaniuliza, kwa sauti ya taratibu iliyonitisha kuliko kelele, kama ninamfahamu Mama Anastazia. Kiongozi wa vibarua wa Rungwe Mpya alikuwa amemuuliza mbona hakuna mtu wa ofisini shambani, na watu wameshaanza kulima.

Ndani ya pikapu Dada Rehema aliniambia nisifungue mdomo, yeye atasema mtandao wa simu ulisumbua, maana watu wakijua tumewachezea watajitoa, na wakijitoa hakuna kampuni tena. Nikakubali. Njia nzima nilikuwa najiona nimezingirwa na majembe.

Tulipopinda kona ya mwisho nikasahau hata kuogopa. Kilima kizima kilikuwa na watu, zaidi ya mia, wamejipanga mstari mmoja kutoka mgombani hadi bondeni, majembe yanapanda pamoja yanashuka pamoja, mwanamke mmoja anaongoza wimbo kwa Kiha na wengine wanaitikia, na nyuma yao udongo mwekundu ulikuwa umegeuzwa, eneo ambalo mtu mmoja angelilima kwa mwezi mzima. Vitu hivi vilikuwa vimeanzia kwenye kidole changu.

Kiongozi wao, Bwana Bigirimana, alikuja anafuta jasho. Nikamuuliza kwa nini wamekuja wengi hivi ilhali malipo ni sifuri, akanitazama kwa huruma.

"Ndiyo maana tumekuja wote, bwana mdogo. Ingekuwa na pesa wangekuja ishirini. Huku mtu akiita jembe bila pesa, ujue kwake kumeharibika."

Kumbe kule kina Mama Anastazia walikuwa watatu, vibarua wakajadiliana njia panda, wakaona lazima awe yule ambaye mumewe amelazwa hospitali ya Kabanga na shamba limelala, kwa kuwa wale wengine wawili wana wanaume wazima nyumbani.

Lakini Mama Anastazia mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni, na hakuwa anashukuru. Desturi ya kule ni kwamba aliyeita watu wa jembe huwapikia, naye ndani hakuwa na maharage ya sufuria moja. Aliona amegeuzwa ombaomba wa kata nzima, tena asiyelisha wageni.

"Nani kanitangaza?" akauliza. "Mimi sikumwomba mtu."

Dada Rehema akaanza habari za mtandao, na nikaona watu wakitazamana: walikuwa wanafikiri mama ameita, sasa anakana kwa kukosa chakula. Nikajua tukiondoka hivyo, maneno hayo yatabaki kwake.

"Ni mimi, mama," nikasema. "Nilikuwa najaribu mashine. Jina nililibuni tu. Wewe hujaita mtu."

Wimbo ukakatika. Bigirimana akawatafsiria waliokuwa mbali, nikasubiri kipigo. Mama akanipima kuanzia viatu.

"Basi aliyeita ni wewe. Hawa ni wageni wako. Chakula kiko wapi?"

Walicheka mpaka wengine wakaketi kwenye matuta. Mimi nikafungwa khanga kiunoni juu ya suruali ya ofisini, Dada Rehema akachukua maharage na unga wa muhogo kwa mwenye duka pale kijijini, nikasimamishwa mbele ya sufuria kubwa kuliko beseni la kuogea. Ugali ukashika mabonge. Mama mmoja akaninyang'anya mwiko akiuliza kama chuoni hawakutuonyesha moto. Nikabaki na kazi ya kumwagia watu maji ya kunawa, zaidi ya watu mia, na kila aliyenyoosha mikono ananiinamia na kunisalimu kwa Kiha: "Mwakeye, mwenye shamba."

Hakujitoa hata mmoja. Dada Rehema alitaka mfumo uwe unakataa sifuri, Bigirimana akamwomba aiache, wapo watakaoihitaji. Ila safari nyingine, akasema, tupige simu kwanza kuuliza nani kapatwa na nini.

Tangu siku hiyo sijagusa namba ya mtu asiyejua kwamba ninajaribu, na sitagusa. Kitufe kweli kilikuwa kibovu, kiliondoa tangazo kwenye kioo tu, meseji zikaendelea na safari yake. Nikaandika ripoti kama inavyotakiwa. Matokeo yaliyotarajiwa: hakuna atakayekuja. Kwenye matokeo halisi, mikono bado inanuka moshi, nikaandika: walikuja wote, na shamba limekwisha kulimwa.