Silinda Niliyoichonga Kibamba

Siku ninayoikumbuka kuliko nyingine, mwanangu, ilinikuta juu ya mbao. Lori lilipakia Mafinga, dereva akaniruhusu nikae juu ya mzigo, nikajifunika turubai na kulikumbatia begi langu. Ilula tulinunua vitunguu. Kitonga tukateremka kwa gia ndogo, breki zikinuka. Mikumi nikaona pundamilia wametutolea macho kama abiria waliokosa nafasi. Sikuwahi kusafiri mbali kiasi kile, na miguu yangu ilikuwa haijajua kwamba haitatulia tena. Wahenga walisema mtembezi hula miguu yake. Mimi yangu nimeila mpaka magotini.

Katikati ya mashati nilikuwa nimefunga silinda ya chensoo, yaani ule msumeno wa injini unaokatia miti. Usicheke. Kule kwenye misonobari, nilikofanya kibarua baada ya kidato cha nne, tulikuwa na misumeno miwili ya aina moja, iliyonunuliwa duka moja. Mmoja ulikohoa, mwingine ukala gogo kama mtu anayekata mkate. Nilimuuliza kila mtu sababu, wakaniambia ni bahati. Mimi bahati sikuwahi kuiona ikikaa ndani ya chuma. Ule mzuri ulipokufa niliomba silinda yake, na dereva akaniambia kuna fundi Kibamba, pembeni ya barabara ya Morogoro, atakayeniambia. Ndiyo maana nilishuka Kibamba wakati wenzangu wote wa juu ya mbao walikuwa wanakwenda mjini.

Fundi huyo ni Mzee Athumani, mwenyeji wa Temeke, aliyetengeneza injini za boti Kigamboni kabla ya kuhamia upande wa miti. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda chake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umeleta msumeno?"

"Nimeleta silinda tu."

Akawageukia waliokuwa barazani. "Huyu kaja hospitali na moyo mkononi. Mwili umeuacha wapi?"

"Mafinga, mzee. Ulishakufa."

Akacheka, akaielekeza silinda kwenye jua, akaingiza kidole ndani. Kidole kikatembea taratibu, kikasimama. "Kuna mtu kaingia humu na tupa," akasema.

Mwanangu, sijui kama umewahi kufunguliwa jambo ulilolibeba kwa siku nyingi. Nilikaa chini palepale kwenye vumbi. Akanieleza kwamba injini ile inapumua kwa matundu ya ubavuni: mengine huingiza hewa na mafuta, jingine hutoa moshi, na pistoni ndiyo inayoyafunga na kuyafungua inapopanda na kushuka, kama mtu anayevuta pazia. Ukilipandisha kidogo tundu la moshi, pazia linafunguka mapema na injini inakwenda kasi zaidi. Ukizidisha, nguvu inatoroka pamoja na moshi. Ukiacha ukingo mkali, ringi ya pistoni inanasa na kukatika. Ukiichubua ile ngozi ngumu ya ndani, umeiua.

Sikuondoka. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, nami nilikuwa na maswali ya kumchosha punda. Kwa nini hapa na si pale? Kwa nini gasketi ya chini, ile karatasi ya kuzibia, ikiondolewa silinda inakaa chini zaidi na mgandamizo unaongezeka? Alinionyesha kupenyeza waya laini wa risasi kwenye tundu la plagi na kuzungusha injini kwa mkono, pistoni iubane waya, ili unene uliobaki uniambie nafasi iliyopo juu yake. Alikuwa na sharti moja: silinda ya mteja haichongwi. Unachonga ya mashine iliyokufa, unaifunga, na ile ya mwenyewe unaiweka kwenye kopo la oili. "Chuma hakioti nyama," alisema. "Ukishakila, umekila."

Basi akaja Baba Tumaini. Huyu alikuwa mkata miti wa muda mrefu, na kelele za msumeno zilikuwa zimemla masikio. Ukitaka kumsalimu unamgusa bega kwanza. Alikuwa amekubaliana na Bi Mwanahawa, mama mmoja mjane wa mtaa wa chini, kuuangusha mkaratusi mkavu ulioinamia nyumba yake. Kazi ilikuwa kesho yake. Mti ukianguka vibaya, paa na ukuta vyote vinakwenda.

"Mashine imezeeka kama mimi," alisema kwa sauti kubwa, kama wasemavyo wasiosikia. "Nipeni nguvu."

Mzee Athumani akanitazama. "Chonga, tuone."

Nilikuwa na silinda ya aina hiyohiyo, kutoka msumeno mwingine uliokufa pale karakana. Niliifanyia kazi kutwa nzima. Nilipandisha tundu la moshi upana wa uzi, nikalainisha kingo kwa msasa mpaka kidole kikateleza, nikapima na waya, nikafunga. Nilipovuta kamba, msumeno uliitika kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu Mafinga. Vijana wa bodaboda wakaacha abiria wao wakaja kutazama.

"Ile ya zamani ilikuwa taarabu," mmoja akasema. "Hii mchiriku."

Lakini Mzee Athumani alikuwa na desturi. Msumeno uliochongwa hautoki kabla mwenyewe hajaangusha nguzo nyuma ya karakana. Anachimbia gogo kama mti, anamwambia mtu alikate kama akatavyo siku zote, naye anatazama mikono, si mashine. Mkata miti, mwanangu, hakati mpaka mwisho. Anatoa kabari upande anaotaka mti uangukie, anaingia kwa nyuma, na katikati anaacha ubao mwembamba usiokatwa. Huo ndio bawaba. Mti unainama juu yake kama mlango, unakwenda ulikotumwa. Bawaba ikikatika, mti unakwenda unakotaka wenyewe.

Baba Tumaini aliingia kwa nyuma, na kabla sijapepesa macho msumeno ulikuwa umetokea upande wa pili. Gogo likajizungusha, likaangukia kigoda cha Mzee Athumani, ambacho alikuwa amekiacha ili asimame kutazama. Kikawa vijiti.

Baba Tumaini aliuzima msumeno, akaigeuza mikono yake kuitazama.

"Mashine haina kosa," nikasema. "Ni yeye ambaye hakusimama."

"Kweli haina kosa," akajibu Mzee Athumani. "Na hicho kigoda ni nyumba ya Bi Mwanahawa. Sasa nenda ukatafute kosa liko wapi. Wewe si ndiye mwenye maswali?"

Akachukua matambara, akaniziba masikio mpaka dunia ikawa mbali. Akanionyesha gogo. Nikakata. Mpini ulitetemeka vilevile mwanzo, katikati na mwisho. Sikujua niko wapi mpaka mnyororo ulipotoka. Akaniashiria nirudishe silinda ya zamani. Nilifungua boliti moja moja kwa uchungu, maana ile niliyokuwa naitoa ilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Nikafunga ile ya kwenye kopo, nikaziba masikio tena, nikakata.

Hapo nikaelewa. Ule msumeno dhaifu ulilemewa na mti mzito, ukanivuta viganja, ukagugumia mifupani. Kisha, pale mkato ulipoanza kufunguka na bawaba kubaki nyembamba, ukapumua. Mpini wote ukawa mwepesi ghafla. Nikauzima palepale. Bawaba ilikuwa imebaki upana wa vidole viwili.

Udhaifu wa mashine ile ndio uliokuwa unamsemesha Baba Tumaini. Masikio yalipokufa, viganja vilijifunza kusikiliza ule mzigo. Mimi nikaja na tupa yangu nikauondoa mzigo, na pamoja nao nikamwondolea msemaji.

Nilitoa matambara masikioni. "Mzigo wa mwenzio," akaanza Mzee Athumani.

"Ni kanda la usufi," nikamalizia, nimeinamisha kichwa.

"Basi kamwambie. Usinitume mimi."

Nilimgusa bega Baba Tumaini, nikamweleza karibu na sikio, huku nikiigiza kwa mikono pale asipodaka. Alinisikiliza, akavuta pumzi. "Kijana, mie nilidhani nimezeeka leo hii," akasema. "Nilikuwa nishaanza kufikiria nitamwambia nini mke wangu."

Kesho yake alikwenda na msumeno wake uleule wa kukohoa. Bi Mwanahawa alikuwa ametoa vitu vyote uani. Baba Tumaini alifumba macho kidogo wakati wa kukata, kama mtu anayeonja mchuzi. Akauzima. Mkaratusi ukainama, ukalala kwenye uwanja mtupu sambamba na ukuta, vumbi tu ndilo lililoingia ndani.

"Kumbe mnajua," Bi Mwanahawa akasema. "Mie nishahamisha mpaka masufuria."

Nilikaa Kibamba mpaka nikajua kuchonga bila kuambiwa, na wapo wengi waliofaidi, vijana wenye masikio yao na mikono mipesi. Lakini barabara ya Morogoro inapita karibu mno na mtu wa aina yangu. Nilikaa Kurasini, nikavuka Kigamboni, kisha safari zikaitana. Siku niliyoondoka Kibamba moja kwa moja, Mzee Athumani alikuwa kwenye kigoda kipya, kilichochongwa kwa ule mkaratusi. Alinipa silinda ile niliyomchongea Baba Tumaini, imefungwa kwenye gazeti.

"Ni nzuri," alisema. Hakuwahi kuniambia hivyo kabla. "Ila chuma umeshakijua. Sasa kajue watu."

Mwanangu, nawe una tupa mkononi. Labda ni elimu, labda ni simu, labda ni maneno, na unaona vitu vingi vya wazazi wako vinavyokohoa. Vichonge, sikukatazi, mimi mwenyewe nilisafiri juu ya mbao kwa ajili ya jambo hilohilo. Lakini kabla hujaongeza kasi ya kitu, ziba masikio yako, ukishike kama akishikavyo mwenyewe, uulize ule ugumu unamwambia nini. Na ile silinda yake ya zamani, iweke kwenye oili.

Mzee Athumani aliniwekea kiganja chake chenye grisi kichwani, lori likiwa limeshawashwa, akaniombea. Nami nakuombea hayohayo: Mungu akupe mkono mwepesi na moyo usioona haya kufungua boliti ulizozifunga mwenyewe, na kila ukiangushacho kilale pasipo na nyumba ya mtu.