Jini Lililosema Halijui

Nilijifanya nimepandwa na jini. Naliungama hilo mwenyewe, kabla mama mdogo hajaniwahi kulisimulia kwa chumvi zake. Ilikuwa Jumatano, siku ya imla ya Kifaransa, nami imla ilikuwa ikinipiga kuliko mwalimu.

Basi asubuhi ile, kwetu Dzamandzar, kisiwani Nosy Be, nikajibwaga mkekani, nikatikisa kichwa mpaka kofia ikaruka. Jini likisema Kimalagasi cha sokoni, nani ataliamini? Nikaporomosha Kiswahili cha babu: tanga, nanga, bismillahi, vyote kwa pumzi moja. Kisha nikadai wali wa nazi na samaki wa kukaanga.

"Dada," mama mdogo akasema, "mbona jini hili lina njaa ile ile ya mwanao?"

Mama hakucheka. Alinifunika shuka jeupe, akafukiza ubani, akaleta samaki. Nilimla macho nimeyafumba, na miiba haikunionea haya. Moyoni nilikuwa nashangilia. Shuleni mwalimu alisema majini hayapo, ni ujinga wetu. Chuoni, fundi aliyetusomesha Kurani alisema yapo, tena yametajwa. Sasa nilikuwa na ushahidi wangu: jini lenyewe ni mimi, basi mwalimu ameshinda.

Hapo mama akaketi mbele yangu, akakunja miguu kama aliyepata mgeni mkubwa.

"Bwana wangu," aliniambia. Mimi! "Mwanangu wa kwanza yuko Mahajanga, anafanya kazi bandarini. Miezi minne hajaandika. Yu hai?"

Kabla ya hapo kaka yangu hakuwahi kukosa kuandika. "Ndiyo" ilikuwa pale pale ulimini, na ingempa mama usingizi. Je, kama sivyo? Nikafumbua macho, nikamjibu kwa Kimalagasi kile kile cha sokoni kwamba sijui: "Tsy haiko, mama."

Mama mdogo akaangua kicheko huku akitafuta kiatu cha kunipigia. Mimi nikamshika mama mkono, nikawa nabwabwaja. Nilimwambia sijui kama majini yapo au hayapo. Mimi kuwa jini la uongo hakuonyeshi kwamba la kweli hakuna. Mtu akighushi barua, posta haifutiki. Na barua ya kaka kutofika ni barua kutofika tu, hatujaona zaidi ya hapo. Labda meli imechelewa. Labda anaumwa. Labda uvivu umemshika, maana ni ndugu yangu.

"Tumwandikie," nikasema. "Nitaandika mimi, leo hii."

Mama alinifuta mafuta ya samaki kidevuni kwa ncha ya leso yake.

"Nilijua ni wewe tangu ulipodai samaki," alisema. "Lakini mwanangu, sikuwa na mwingine wa kumuuliza."