Flashi Iliyogoma Lundo

Romanus Ndunguru alikuwa amepiga picha za harusi Mbinga kwa miaka ishirini na miwili, na hakuwahi kufikiri kwamba atazuiwa kupiga za nyumbani kwake. Ni mpwa wake, Florian, mtoto wa dada yake aliyeolewa Mkumbi, ndiye aliyemwambia kwa upole: "Mjomba, siku ya harusi yangu wewe pumzika. Uje ule, ucheze. Picha tumempa Edina."

Edina! Binti ambaye Romanus mwenyewe ndiye aliyemfundisha kushika kamera, akafanya kazi kwake miaka mitatu, kisha akafungua studio yake ng'ambo ya barabara. Sasa kila mwenye harusi alitaka picha za Edina, zile za flashi inayosimama pembeni juu ya stendi na kuwaka bila waya. Romanus akionyeshwa kwenye simu za watu alisema, "Nzuri," huku roho ikimchonyota kama kidonda kilichotiwa ndimu.

Kuna jambo hakumwambia mtu, hata mkewe. Mwezi mmoja kabla alikwenda Songea akakodi kamera kama ile ya Edina, flashi kama ile, na triga, kile kidude kinachokaa juu ya kamera na kuiamuru flashi iwake. Alijifungia studio siku nzima akijaribu kuiga. Kesho yake akarudisha vyote, kimya kimya.

Harusi ilifungwa Lundo, kando ya ziwa, nyumbani kwa bibi harusi, Eliza. Kanisani padri aliomba kamera zisipige kelele wakati wa viapo. Edina akabonyeza mahali, kamera yake ikawa haitoi hata mlio. Romanus, aliyekaa benchi la pili, alimwona.

Saa kumi wakashuka ufukweni. Watu wanne wakamleta Bibi Ottilia, mama mzaa mama wa Eliza, wamembeba na kiti chake. Alikuwa ametoka kupasuliwa macho majuzi na jua lilimuumiza, kwa hiyo wakamkalisha ameyapa mgongo maji yaliyokuwa yaking'aa, na maharusi wakasimama kushoto na kulia kwake. Bila flashi, nyuso zao zingetoka nyeusi tii.

Edina akapiga. Flashi haikuwaka.

Akabonyeza kitufe cha majaribio kwenye triga. Flashi ikawaka pwaa. Akapiga picha, giza. Akabadilisha betri. Akahakikisha chaneli za triga na flashi zinalingana. Akaichomoa triga, akaipangusa pale inapogusana na kamera kwa kanga, akairudisha. Giza vile vile. Jasho likaanza kumtiririka.

Romanus alikuwa ameshajua. Kamera ilikuwa bado kwenye ile hali ya kimya ya kanisani, na kamera ya namna ile ikinyamazishwa haiiamuru flashi kabisa. Yeye mwenyewe alipoteza asubuhi nzima studio mpaka kuligundua hilo. Akakunja mikono. Moyoni akasikia utamu ambao hakuuonea aibu. Acha wamwone, akawaza. Acha Florian amwone.

"Mjomba," Florian akamgeukia, "hebu tusaidie. Hujui tatizo?"

"Mambo ya kisasa hayo, baba. Mimi nitayajulia wapi?"

Bibi Ottilia akafunika macho kwa kiganja. "Wajukuu zangu, nimechoka. Nirudisheni nyumbani."

Wakakiinua kiti. Eliza akajaribu kucheka, akashindwa, akageuzia uso pembeni. Hapo ule utamu ukamwisha Romanus mdomoni. Kiti kilikuwa kimeshafika kwenye majani alipomkaribia Edina na kusema kwa sauti ya chini, "Kamera yako haina mlio. Hukuurudisha tangu kanisani."

Edina akatazama, akabonyeza, akapiga. Flashi ikawaka, mchanga wote ukameremeta. Hakufurahi. Alimgeukia Romanus taratibu.

"Shikamoo nilikupa asubuhi, mwalimu. Umejua tangu saa ngapi?"

"Tangu ulipopiga ya kwanza."

"Na umejuaje? Kamera yako haina kitu hicho."

Romanus akatazama viatu vyake. "Nilikodi kama hii. Songea."

"Ungeniambia," Edina akasema, "ningekuazima."

Neno hilo lilimchoma kuliko matusi. Edina alichukua kamera akamkimbilia bibi, na Romanus, asijue la kufanya na mikono yake, akaibeba stendi akafuata.

Uani kwa bibi kulikuwa na kivuli. Bibi Ottilia alibembelezwa, akakubali. "Moja tu," akasema, "nikalale." Upepo wa ziwa ulikuwa ukiisukuma stendi, kwa hiyo Romanus aliishika kwa mikono miwili. Edina akapiga ile moja, akamwonyesha Romanus.

Kwenye picha bibi alikuwa amefumbua macho, ameegemeza shavu kwenye mkono wa mjukuu wake. Katika miaka ishirini na miwili Romanus hakuwahi kupata picha kama ile, na aliijua thamani yake kabla ya mtu mwingine yeyote pale uani. Ilimuuma vibaya sana.

"Imetoka," akasema. Akaanza kuikunja stendi.