Jiwe la Wafula

Juzi, Kawangware, mchuuzi wa mapambo alinionyesha pete yenye jiwe la rangi ya anga, nikakumbuka mchana mmoja wa kiangazi.

Mimi na binamu yangu Wafula tuliteremka kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa, kule chini ya mtaa wetu wa Gatwekera. Bwawa la humo, ambamo mama zetu walifulia nguo wakati wa mvua lilikuwa limekauka. Ndani ya ufa wa tope lake tukapata jiwe la bluu. Wafula alililamba.

"Inachoma ulimi," akasema. "Hii ni original. Tumeomoka, sisi ni matajiri!"

Sikujiuliza kwa nini jiwe linanukia kama shati la Jumapili. Tulilificha nyumbani, ndani ya mtungi wa maji, lisipasuke kwa joto.

Jioni pasta alitutembelea. Mama alipika chai, nayo ikafura povu kama beseni la kufulia. Pasta akanywa, akafumba macho, akameza kwa imani.

"Mama Nekesa, maziwa ya leo ni mazito," akasema, povu limejaa kwenye masharubu.

Mama, kwa fahari, akamwongezea kikombe cha pili. Akakimaliza.

Mchuuzi aliponikabidhi pete ile, niliinusa kwanza.