Bei Aliyotajiwa Shangazi

Shangazi yangu analipwa kuuliza bei. Si utani, ndiyo kazi yake. Kila mwezi anazunguka maduka yale yale, anauliza bei ya vitu vile vile vya uzito ule ule, kisha anapeleka ofisini wapige hesabu ya jinsi maisha yanavyopanda. Sokoni wanamwita Bi Bei. Ana kimizani cha kuning'iniza ndani ya mkoba, na ole wako mwoka mikate upunguze mkate huku bei umeiacha pale pale. Ataupima mbele yako, akutazame, aandike, aondoke bila neno. Mtu anabaki ameumbuka.

Amenilea tangu mama yangu alipofariki, kwa hiyo nimekula karibu kila kitu alichokipima. Maana shangazi haamini bei ya mdomoni. "Mtu anaweza kunitajia anachotaka," husema. "Mimi nataka ile ambayo nikiitoa napewa kitu." Basi hununua. Kwetu hatuulizani tutakula nini, tunaulizana shangazi leo alikuwa duka gani.

Duka lake la maharage lilikuwa la Bwana Taratibu. Jina hilo alipewa na wateja, na alistahili: akikupimia kilo moja, unaweza ukasukwa nywele ukamaliza. Alikuwa amefiwa na mkewe zamani, mtu mpole, shati limepigwa pasi mpaka kola. Shangazi alimsifu hadi nikachoka. "Wenzake wote wamepandisha," alikuwa akisema huku anachambua maharage kwenye ungo. "Yeye mia mbili yake ni ile ile. Mtu mwenye utu yule." Mimi nilinyamaza, jambo ambalo kwangu ni kazi ngumu.

Jumanne moja nikamkuta ameketi sebuleni na viatu miguuni. Shangazi havai viatu ndani. Msimamizi wake, kijana wa rika langu, alikuwa amemwita ofisini akamwambia kwamba maharage ya lile duka hayajapanda mwaka mzima, wakati kila mahali yamepanda. "Mama, unafika kweli dukani, au unakaa nyumbani unapika bei?" Ijumaa angekwenda naye dukani kuhakikisha. Akikuta uongo, mkataba ndiyo basi, na kila alichowahi kukiandika kitatupwa.

"Kunifukuza wanifukuze," shangazi akasema. "Lakini mimi, niambiwe napika bei?" Akaanza kulia. Mara ya mwisho nilimwona analia kwenye msiba wa mama yangu. Roho iliniuma.

Kesho yake nikaenda mwenyewe kwa Bwana Taratibu. Hakunijua. Nikamwamkia, nikamuuliza maharage kilo bei gani.

"Mia mbili themanini, binti."

Nikamwambia arudie. Akarudia, kwa mwendo wake.

Sasa, hasira zangu ziko karibu, hazihitaji kuitwa. Nikamwambia mimi ni mtoto wa Bi Bei, na kwamba kwa ajili ya hiyo mia mbili anayomtajia, shangazi yangu anaitwa mwongo, na keshokutwa atapoteza kazi. Wateja wakageuka. Mzee akaweka chini kopo la kuchotea. Akajifuta mikono kidole baada ya kidole, mpaka nikatamani kumsaidia.

"Niliogopa," akasema mwishowe. "Maharage yalipopanda, nilijua nikimtajia bei mpya atahamia kwingine. Si anatafuta penye nafuu? Nikasema acha nile hasara, lakini aje."

"Hatafuti nafuu," nikamwambia. "Ni lazima arudi duka lile lile. Hata ungepandisha mara tatu, angekuja. Ndiyo kazi yake."

"Kumbe," akasema, akakaa juu ya gunia. Hasira zangu zikaniishia pale pale. Mzee wa watu alikuwa amekufa ameoza, na mwaka mzima amekuwa akilipia kitu ambacho angekipata bure.

Jioni nikamweleza shangazi, nikidhani atacheka. Wapi. "Ameniharibia maharage yangu," akasema. "Mwaka mzima naandika bei ya mtu mmoja, tena mtu mwenyewe mimi." Lakini Ijumaa asubuhi alitoka chumbani amevaa gauni ambalo kwa kawaida husubiri harusi. Sikusema kitu, maana bado napenda kuishi.

Niliwafuata dukani. Msimamizi akauliza bei kama mteja yeyote, akatajiwa mia mbili themanini, akamgeukia shangazi. Shangazi akafungua mdomo. Bwana Taratibu akamwahi, yeye ambaye hajawahi kumwahi mtu yeyote.

"Kosa ni langu," akasema. "Huyu mama amekuja hapa kila mwezi, na amelipa nilichomtajia. Nilimtajia kidogo kwa sababu nampenda. Nilitaka aendelee kuja."

Msimamizi akatoa simu yake ya kazi, akaipapasa juu, akaipapasa chini, akitafuta kwenye orodha ya sababu za bei kukosewa. "Sababu hiyo humu haimo," akasema. Kisha akashusha sauti. "Mama, nisamehe. Kumbe ulikuwa unafika." Akaeleza kwamba bei anayotajiwa mtu mmoja kwa mapenzi haiwezi kuwasemea wateja wote. Maharage ya mwaka ule yataondolewa kwenye hesabu, na kuanzia mwezi ujao shangazi atauliza kwenye duka la mkabala. Kwa hiyo kazi ilibaki. Shangazi akatikisa kichwa kukubali, akatoka bila kumtazama mzee. Yeye alibaki kashika kopo tupu, na lile shati lake limelowa mgongoni. Nilimwonea huruma, kusema kweli.

Mwezi uliofuata nilimsindikiza. Akaingia duka jipya, akauliza, akanunua kilo yake, akaipima, akaandika, akaitia mkobani. Maharage ya nyumbani yalikuwa yametosha. Nikageukia njia ya kwetu. Nilipoangalia nyuma, shangazi alikuwa anavuka barabara.

Bwana Taratibu alisimama alipomwona. Shangazi akamwambia ampimie kilo moja.

"Imefika mia tatu sasa," mzee akasema. Niliona kabisa anavyotamani kuimeza ile bei.

"Nimesikia," shangazi akasema. Akaweka mia tatu mezani. Akavuta kigoda, akaketi, akautua mkoba miguuni na kilo yake nyingine ndani. "Pima polepole. Leo sina haraka."