Niurka Hajafa, na Hilo Ndilo Tatizo

Niurka Encarnación alikosea jambo moja tu maishani: hakufa mapema.

Kanuni ya mji ilikataza uwanja wa umma kupewa jina la mtu anayepumua. Basi uwanja wa voliboli wa mtaa wa Los Cajuiles, alikojifunza kuruka kabla hajaichezea timu ya taifa miaka kumi na minne, ungepewa jina la marehemu Don Eleuterio, mjomba wa meya. Katika voliboli, Don Eleuterio alikuwa na sifa mbili: kuanika suruali kwenye wavu na kutorudisha mpira ulioangukia uani kwake.

Mtaa mzima ulikasirika. Enzi za Niurka, akicheza jijini Santo Domingo, hapa hata kinyozi aliacha kichwa nusu akakimbilia televisheni ya dukani kwa Chago.

"Dada Niurka, presha inaendeleaje?" Chago alimuuliza, sauti ikiwa na tumaini fulani.

"Nzima. Acha kunipima jeneza kwa macho."

"Si ufe kidogo tu, mpaka Jumatatu? Tutakufufua kwa ramu."

"Nikifa, nani atakufunga kwenye domino, mzembe wewe?"

Wakacheka. Lakini nyumbani Niurka aliipiga pasi jezi yake ya zamani, akaikunja, akaikunjua, akaipiga tena. Jina lake pale uwanjani alilitaka kama mtoto anavyotaka keki, na aliona haya kulitaka.

Jumapili watu walifurika uwanjani. Meya, ndani ya shati jeupe lililonyooka kuliko siasa zake, alisimama kando ya bango lililofunikwa bendera. Kilichokosekana ni bendi, iliyokuwa ikitoka mji wa jirani. Akaipigia simu, kipaza sauti mkono wa pili.

"Mko wapi nyie?"

Simu ilijibu kwa kelele hadi Niurka, safu ya mbele, akasikia: "Tumefika, mheshimiwa! Tumemwambia bodaboda atuongoze kwa Don Eleuterio, katuleta makaburini!"

"Makaburini mnampigia nani? Njooni kwa Niurka!"

"Wapi?"

"Kwa Niurka, jamani! Uwanjani kwa Niurka!"

Kipaza sauti kilikuwa wazi. Spika zikalipeleka jina hadi barabara kuu. Uwanja ukalipuka kwa vicheko. Chago alirusha kofia, akarusha na ya jirani yake. Niurka alijaribu kuweka uso wa heshima, ukamshinda. Alicheka hadi goti lake bovu likamuuma.

Bendi ilifika upesi. Sasa ilijua pa kwenda.

Bango lilifunuliwa, na lipo hadi leo: Uwanja wa Don Eleuterio. Wasichana wakitoka mazoezini hulitundikia taulo na soksi. Niurka, anayewafundisha, huwakemea.

"Heshimuni marehemu, nyie! Soksi kamueni kwanza."